Damu Isiyouma: Saratani ya Kibofu Kutoka Laare Hadi Nairobi

Miraa ya Laare, huko Igembe Kaskazini katika kaunti ya Meru, haina subira. Ikishachumwa na kufungwa ndani ya majani ya mgomba, ina takriban siku mbili kabla ya kupoteza nguvu na bei. Kwa hiyo magari huipakia na kuteremka mbio kupitia Maua na Meru, na baada ya saa chache mzigo uko Nairobi, sehemu yake ikielekea uwanja wa Wilson kupanda ndege za Somalia. Barabara hiyohiyo ndiyo atakayoipita mkazi wa Igembe Kaskazini aliyeona damu kwenye mkojo, iwapo ataipita. Yeye huanzia duka la dawa, akarudi nyumbani damu ikikatika, akaenda zahanati ilipotokea tena, akapewa dozi ya vidonge, na anapofika mbele ya daktari bingwa miezi imeshapita.

Saratani ya kibofu cha mkojo huadhibu vikali ucheleweshaji wa namna hiyo. Duniani, mwaka 2022, iliwapata watu wapya wapatao 614,000 na kuua karibu 220,000. Kenya, katika mwaka huohuo, makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani yalionyesha wagonjwa wapya 44,726 wa saratani za aina zote na vifo 29,317, yaani karibu vifo viwili kwa kila wagonjwa wapya watatu. Katika hesabu hiyo kibofu hakimo miongoni mwa saratani zinazotajwa kwanza. Meru wanaijua zaidi saratani ya umio, ile inayomzuia mtu kumeza, kwa sababu imeingia nyumba nyingi. Ya kibofu husemwa kwa sauti ya chini, maana inagusa sehemu za siri, na wazee wengi wangependa kuvumilia kuliko kueleza.

Hata hivyo, hii ni saratani ambayo sayansi ya tiba inayajua mapito yake vizuri. Madaktari wanajua inavyoanza, inavyorudi, na wakati gani haiwezi tena kutibiwa kwa kukwanguliwa tu kibofuni. Kwa mgonjwa wa Laare, kinachoamua zaidi ni hatua chache za kawaida zinazofanywa mapema, kikamilifu, na bila kukatizwa. Dawa mpya za bei ya juu zinazosifiwa kwenye mikutano ya Ulaya na Marekani huja baadaye sana katika orodha hiyo.

Dalili ya kwanza ni damu, na ubaya wake ni kwamba haiumi. Inatokea siku moja, mkojo ukawa kama chai ya rangi au mwekundu kabisa, kisha inapotea wiki mbili, mwezi, hata miezi mitatu. Mwanamume aliyevuka miaka 60 huambiwa ni tezi dume. Mwanamke huambiwa ana maambukizi ya njia ya mkojo, anapewa antibiotiki, damu inakatika yenyewe kama ambavyo ingekatika bila dawa, na kila mtu anaamini amepona. Hili la wanawake si la Meru peke yake: katika nchi tajiri pia wao huchelewa kugunduliwa kuliko wanaume, kwa sababu hiyohiyo. Kukatika kwa damu hakuthibitishi chochote. Mtu mzima anayekojoa damu bila maumivu anahitaji kuangaliwa ndani ya kibofu kwa kamera nyembamba inayopitishwa kwenye njia ya mkojo, na picha ya ultrasaundi ikiwa safi haimwondolei haja hiyo.

Ukanda wa Afrika Mashariki una sababu moja ya ziada ya kuitilia maanani damu hii. Kichocho cha mkojo kilitajwa rasmi mwaka 1994 kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu. Mayai ya minyoo hukwama kwenye ukuta wa kibofu, yakauchoma miaka mingi, na seli zinazojaribu kuziba jeraha zikaishia kugeuka kuwa saratani. Ushahidi ulio karibu nasi umetoka Mwanza. Mwaka 2013 watafiti wa Hospitali ya Bugando walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 185 wa saratani ya kibofu kutoka kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 54 tu. Wanawake walikuwa zaidi kidogo ya nusu, jambo la nadra, kwa kuwa kwingineko duniani ugonjwa huu huwapata wanaume mara tatu au nne zaidi. Asilimia 45 walikuwa na mayai ya kichocho katika kipande cha nyama kilichopimwa, na saratani zenye mayai hayo zilikuwa mara nyingi zimeshaingia kwenye misuli ya kibofu zilipogunduliwa.

Laare, juu kwenye miinuko ya Nyambene, si nchi ya kichocho cha mkojo. Nchini Kenya ugonjwa huo una makao yake hasa Pwani: Kwale, Kilifi, bonde la Mto Tana. Mashamba ya mpunga ya Mwea, yaliyo jirani na Embu, yana kichocho cha utumbo, ambacho ni kingine. Lakini watu hawakai walikozaliwa. Wafanyabiashara wa miraa wa Igembe wamejaa Mombasa na Malindi, na wengine wamelelewa huko. Swali la daktari, kwa hiyo, liwe "umewahi kuishi na kuoga mto gani?" kabla ya kuwa "unatoka wapi?"

Kwa mkazi wa Meru aliyebaki Meru, mshukiwa mkuu ni sigara. Mwaka 1895 daktari wa upasuaji Ludwig Rehn wa Frankfurt aliona uvimbe wa kibofu ukiwapata wafanyakazi wa kiwanda cha rangi za nguo. Kemikali za jamii hiyohiyo ya rangi zimo katika moshi wa tumbaku. Huingia damuni kupitia mapafu, figo zikazichuja, kisha mkojo ukakaa nazo saa kadhaa kwenye kibofu kila siku kwa miaka 30. Mvutaji ana hatari mara tatu au nne ya asiyevuta, na karibu nusu ya saratani za kibofu duniani hutokana na uvutaji.

Hapo ndipo miraa inapoingia, na inapasa kusemwa kwa uangalifu. Hakuna utafiti uliothibitisha kwamba miraa yenyewe huleta saratani ya kibofu. Kinachojulikana, kutokana na vipimo vilivyofanywa Yemen miaka ya 1990, ni kwamba kutafuna hubana njia ya mkojo na kupunguza kasi ya kukojoa. Kinachoonekana kwa macho, Laare kwa miraa na Mbeere ya Embu kwa muguka, aina nyingine ya miraa, ni kwamba kikao cha kutafuna huvuta sigara moja baada ya nyingine, na kijana ambaye hangevuta akiwa peke yake humaliza nusu pakiti kabla ya usiku kuingia. Kumlaumu mkulima wa miraa hakutasaidia mtu. Kuitoa sigara kwenye kikao kutasaidia, hata kwa yule ambaye ameshapatikana na ugonjwa, maana anayeendelea kuvuta hudhoofisha matibabu yake mwenyewe.

Si saratani zote za kibofu zilizo sawa: baadhi huitwa za "hatari kubwa". Ukuta wa kibofu una utando wa ndani, tabaka laini chini yake, kisha misuli minene. Uvimbe mwingi hugunduliwa ukiwa bado haujagusa misuli. Baadhi ya uvimbe huo ni mpole: hurudi na kukwanguliwa, mgonjwa akaishi hadi uzeeni. Mwingine ni wa hatari kubwa, nao hujitambulisha kwa alama tatu: seli za daraja la juu, yaani zilizoharibika umbo na kukua ovyo, kuingia kwenye tabaka lililo chini ya utando, au saratani bapa, ile isiyoinuka, inayotambaa juu ya utando na kuonekana kama wekundu tu. Majedwali yaliyotungwa Ulaya mwaka 2006 kutokana na wagonjwa karibu 2,600 yanaonyesha upana wa tofauti hiyo. Kwa wenye uvimbe mpole kabisa, uwezekano wa ugonjwa kusonga hatua ndani ya miaka mitano ulikuwa chini ya asilimia moja. Kwa walio katika kundi baya zaidi ulikuwa asilimia 45.

Kulijua kundi la mgonjwa kunategemea upasuaji wa kwanza wa kukwangua. Hapa ndipo mengi huharibika kimyakimya. Daktari akikwangua juujuu, kipande kinachofika maabara hakina msuli, na mtaalamu wa patholojia hawezi kusema kama saratani imeingia ndani au la. Ripoti inarudi ikisema "haijagusa msuli", mgonjwa anafurahi, kumbe msuli haukuwapo kabisa kwenye chupa. Ndiyo sababu miongozo yote mikubwa inataka uvimbe ulioingia tabaka la chini ukwanguliwe mara ya pili ndani ya wiki mbili hadi sita: mara kwa mara mabaki hupatikana, na wengine hugundulika kuwa tayari wana saratani ya misuli. Kwa mtu aliyeuza mbuzi ili apate nauli na kitanda cha mara ya kwanza, kuitwa tena baada ya mwezi husikika kama ulaghai. Inafaa aelezwe mapema, kabla ya kulazwa, kwamba upasuaji ni mmoja wenye awamu mbili.

Baada ya hapo huja dawa ambayo karibu kila mtoto aliyezaliwa hospitalini Kenya amechanjwa nayo. BCG, chanjo ya kifua kikuu inayoacha kovu mkononi, ni vijidudu hai vilivyofugwa na Albert Calmette na Camille Guérin nchini Ufaransa kwa miaka 13, kuanzia 1908 hadi 1921, mpaka vikapoteza ukali. Mwaka 1976 daktari Alvaro Morales wa Kingston, Kanada, aliripoti wagonjwa tisa aliowatilia BCG ndani ya kibofu mara moja kwa wiki kwa wiki sita. Uvimbe uliacha kurudi kwa kasi ya awali. Vijidudu vinaamsha kinga ya mwili, nayo inapovishambulia hushambulia pia seli za saratani zilizobaki. Wiki sita za Morales zimedumu hadi leo. Mwaka 2000 Donald Lamm na wenzake wa Marekani walionyesha kwamba kuongeza dozi za kudumisha kwa miaka mitatu kulirefusha muda wa kukaa bila ugonjwa kutoka takriban miezi 36 hadi 77.

Hesabu ya ratiba hiyo ni rahisi na inatisha. Dozi sita za mwanzo, kisha dozi tatu katika kila moja ya vipindi saba: jumla 27. Juu yake kuna kuangaliwa kwa kamera kila baada ya miezi mitatu kwa miaka miwili. Kutoka Laare hadi Nairobi na kurudi ni zaidi ya kilomita 500, kwa hiyo dozi hizo 27 peke yake ni zaidi ya kilomita 13,500 kwa matatu, mgonjwa akiwa na kibofu kinachowaka na kinachotaka choo kila nusu saa. Hata katika utafiti wa Lamm, wenye wagonjwa waliokuwa wakifuatiliwa kwa karibu, ni asilimia 16 tu waliomaliza ratiba yote.

Je, dozi haziwezi kupunguzwa? Swali hilo lilijaribiwa Ulaya katika utafiti ulioitwa NIMBUS, ambapo kundi moja lilipata dozi 15 katika mwaka wa kwanza na jingine tisa. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati, kwa kuwa saratani ilirudi kwa asilimia 27 ya waliopunguziwa dozi, dhidi ya 12 ya wenzao. Mgonjwa anayekosa nauli mara mbili tatu anajiweka, bila kujua, katika lile kundi lililopunguziwa dozi.

Kisha kuna uhaba. Dozi ya kibofu ina vijidudu vingi mno kuliko ya chanjo ya mtoto, na viwanda vinavyoitengeneza duniani ni vichache. Kiwanda cha Sanofi mjini Toronto kilifurika maji mwaka 2012, na miaka michache baadaye kampuni ikaachana kabisa na dawa hiyo. Tangu hapo hata hospitali za Marekani zimewahi kugawa chupa moja kwa wagonjwa kadhaa. Serum Institute ya India nayo hutengeneza aina yake. Hospitali ya Afrika Mashariki inayotegemea shehena ya kigeni hubahatisha kati ya dozi ya tatu na ya nne.

Kutokana na uhaba huo limetokea jambo ambalo Meru na Embu zingepaswa kulishika kwa mikono miwili. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Iowa walianza kutilia kibofuni dawa mbili za kemo, moja baada ya nyingine katika kikao kimoja: jemsitabini, kisha dosetakseli. Mwaka 2020 hospitali kadhaa za Marekani zilikusanya wagonjwa 276 ambao BCG ilikuwa imewashindwa, na asilimia 46 walikuwa bado bila ugonjwa baada ya miaka miwili. Miongoni mwa wagonjwa 107 wenye uvimbe wa hatari kubwa ambao hawakuwahi kupata BCG, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalifikia asilimia 82. Hizi ni kumbukumbu za nyuma, wala si jaribio la kulinganisha kwa kura, na ndiyo maana jaribio kubwa liitwalo BRIDGE lilianzishwa kuzipambanisha dawa hizi ana kwa ana na BCG. Lakini dawa hizo mbili ni za zamani, zina watengenezaji wengi, na zote zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Na kemo haipatikani Nairobi pekee. Hospitali za rufaa za Meru na Embu ziliingizwa kwenye mpango wa vituo vya kanda vya saratani na hutoa dripu za kemo. Kutilia dawa kibofuni kunahitaji dawa ileile, muuguzi aliyefundishwa, mpira wa mkojo na kitanda kwa saa tatu hivi. Idadi ya ziara haipungui, kwa kuwa baada ya wiki sita huja dozi za kila mwezi, lakini barabara inafupika na mgonjwa analala kwake.

Saratani ikishaingia kwenye misuli, au ikikataa kuondoka baada ya dawa za kibofuni, mazungumzo hubadilika. Tiba yenye rekodi ndefu zaidi ni kukiondoa kibofu chote. Katika orodha ya wagonjwa 1,054 waliofanyiwa hivyo Los Angeles, iliyochapishwa mwaka 2001, asilimia 68 walikuwa bila ugonjwa baada ya miaka mitano. Kwa wale ambao saratani ilikuwa imefika kwenye tezi za limfu, ni asilimia 35. Kemo yenye sisplatini kabla ya upasuaji huongeza nafasi: jaribio la Marekani la mwaka 2003 lilionyesha muda wa kati wa kuishi wa miezi 77 kwa walioanza na kemo dhidi ya 46 kwa waliopasuliwa moja kwa moja.

Tatizo ni figo. Uvimbe ulioachwa mwaka mzima huziba mirija inayoleta mkojo kutoka kwenye figo, figo zikafura na kushindwa, na sisplatini haiwezi kupewa mtu mwenye figo dhaifu. Hivyo ucheleweshaji uleule ulioufikisha ugonjwa kwenye misuli ndio unaomnyima mgonjwa dawa bora ya hatua hiyo. Wengine hulazimika kwanza kuwekewa mpira mgongoni wa kutoa mkojo, na wakati unazidi kuyoyoma, ilhali upasuaji unaocheleweshwa zaidi ya wiki 12 baada ya uamuzi huleta matokeo mabaya zaidi.

Wengi huukimbia upasuaji huu. Mkojo utatokea tumboni kupitia kipande cha utumbo, ukaingia kwenye mfuko unaobandikwa ngozini maisha yote. Wanaume huogopa kupoteza nguvu za kiume, na hofu hiyo ina msingi. Mifuko ni ghali, maduka ya Maua hayana uhakika wa kuwa nayo, na harufu ikitoka mtu hujitenga na kanisa na soko. Shirika la Stoma World Kenya limekuwa likiwapigania wanaoishi na mifuko ya aina hii, na mazungumzo na mtu aliyevaa mfuko miaka kumi humshawishi mgonjwa kuliko maneno ya daktari yeyote. Kwa maoni ya mwandishi, mazungumzo hayo yawe sehemu ya matibabu, yafanyike kabla ya fomu ya idhini kutiwa saini.

Ipo njia ya kukibakiza kibofu: kukwangua kadiri inavyowezekana, kisha mionzi pamoja na kemo. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2012, wenye wagonjwa 360, ulionyesha kwamba kuongeza kemo kwenye mionzi kuliwaacha asilimia 67 bila ugonjwa katika eneo hilo baada ya miaka miwili, badala ya 54. Mionzi hutolewa kila siku ya kazi kwa wiki nne au zaidi. Serikali ilipopeleka mashine za mionzi nje ya Nairobi na Eldoret ilizipeleka Nakuru, Mombasa na Garissa. Mlima Kenya mashariki haukuwamo, kwa hiyo mgonjwa wa Igembe hulazimika kupanga chumba mjini au kulala kwa jamaa mwezi mzima.

Dawa mpya zipo, na baadhi ni za ajabu kweli. Mchanganyiko wa enfotumabu vedotini na pembrolizumabu, katika matokeo yaliyotangazwa mwaka 2023, uliwapa wenye ugonjwa uliosambaa muda wa kati wa kuishi wa miezi 31 na nusu, karibu mara mbili ya kemo ya kawaida. Bei yake inauweka mbali kabisa na fungu la SHA, bima ya afya ya taifa, ambayo ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024 iliitengea kaya shilingi 550,000 kwa mwaka kwa saratani: 400,000 za bima na 150,000 za mfuko wa magonjwa sugu. Bei zinaweza kushushwa kwa majadiliano. Mwaka 2025 serikali na kampuni ya Roche zilikubaliana dozi ya Herceptin, dawa ya saratani ya matiti, ilipiwe shilingi 40,000 na SHA. Lakini fedha za SHA huokoa zaidi zikitumika mapema, kwenye kamera, kukwangua mara mbili na dawa za kibofuni, kuliko zikiisha katika miezi ya mwisho.

Kwa hiyo mkazi wa Laare, Mutuati au Siakago kule Mbeere aliyevuka miaka 40, akiona damu kwenye mkojo hata mara moja, hata ikiwa haiumi na imekatika, aombe rufaa ya kuangaliwa kibofu kwa kamera, na asikubali dozi ya pili ya antibiotiki kabla ya hapo. Akishakwanguliwa, aulize kama kipande kilikuwa na msuli na lini atarudi. Nazo kaunti za Meru na Embu zina wauguzi wa kemo tayari. Ziongeze siku maalumu ya kliniki ya kibofu kila wiki, kamera inayofanya kazi, dawa mbili za kutilia kibofuni, na mtu mmoja mwenye daftari na simu wa kumtafuta kila mgonjwa aliyekosa tarehe yake.